Mafuta ya Wifi Fifita

Jumamosi hiyo upepo ulishuka kutoka milimani ukiwa na joto la mtu aliyetoka kulala. Mwezi Mei ulikuwa umefika katikati, miti ya barabara ya juu ilikuwa imekwisha kupukutika, na watu wa Oamaru, mji mdogo wa pwani huko kusini kabisa mwa dunia, walikuwa wameshayatoa makoti sandukuni. Kisha asubuhi moja tu upepo ukageuka, ukaja na harufu ya nyasi kavu, na wazungu wakaonekana wakikatiza barabara na kaptura zao. Kila mtu alijua kwamba ni joto la kuazima. Jioni, au kesho yake, upepo wa kusini ungekuja kulidai.

Hepisipa alikuwa akilingojea joto hilo tangu mwezi uandame. Nta ya gari haipatani na baridi. Ukiipaka bati likiwa baridi inabaki juu kama ute, haikauki, ukiifuta inakimbilia upande huu na upande ule. Inataka bati liwe vuguvugu kidogo, kama paji la uso la mtoto mzima. Basi aliliosha gari mapema, akalikausha, akalisogeza lipate jua, akaanza kupaka kwenye boneti, mahali padogo padogo, upana wa sahani.

Lilikuwa gari kubwa la familia, bluu iliyoiva, la zamani. Falakiko, mumewe, alilipitisha kila siku kando ya bahari kwenda kiwanda cha nyama, na majira ya baridi mawimbi huruka ukuta wa barabara na kulirushia chumvi. Gari likipata kutu halipiti ukaguzi. Lisipopita ukaguzi, nyumba ile ingepoteza kitu ambacho Hepisipa hakupenda hata kukiwaza, na kitu hicho hakikuwa safari ya kazini.

"Wifi, unaliosha hilo gari au unalikanda mgongo?"

Fifita alikuwa ametoka na kiti chake cha plastiki, akakiweka kwenye majani, akakaa kama mtu anayesubiri sherehe ianze. Alikuwa dada mkubwa wa Falakiko, mjane, mwanamke mpana mwenye sauti isiyo na haraka, aliyekuja kutoka Vavau, kisiwani kwao Tonga, kwa ndege tatu na masanduku yaliyofungwa kamba.

"Nalipaka nta, wifi. Chumvi isilile."

Fifita alinyoosha mkono, akapewa kopo, akanusa. "Inanuka zahanati."

"Ndiyo harufu yake."

"Na mbona unapaka kidogo kidogo, kama mtu anayeiba?"

"Ukipaka nyingi haikauki."

"Hm." Fifita alirudisha kopo. "Na huko chini?"

"Chini Ross, jirani, alitupulizia mafuta ya sufu. Yale ya kondoo. Yanazuia kutu."

Fifita alicheka polepole mpaka kiti kikalia. "Mafuta ya kondoo. Kumbe chini mnalipaka mafuta ya kondoo mchana kweupe, majirani wanaona. Juu ndiyo mnaona haya kulipaka ya nazi."

"Si haya, wifi, ni kwamba..."

"Mimi nimesema tu. Farasi wa marehemu mume wangu nilikuwa nampaka mafuta kila siku ya maonyesho. Watu walikuwa wanajitazama ubavuni mwake wakitengeneza nywele."

Hepisipa alicheka naye, kwa sababu ilibidi, na kwa sababu ilichekesha. Lakini mkono wake haukuacha kuzunguka. Alijua kilichomleta wifi yake. Alipokuwa akimpangia nguo kabatini alikuta kijamvi kipya cha kufunga kiunoni, kama wavaavyo Watonga kanisani, kimesukwa kwa uzi mwembamba, kimo cha mtoto wa miaka sita. Na jana, wakimenya viazi, Fifita alisema bila kuinua macho: "Jumapili baada ya ibada, tukishakula, nina neno dogo."

Kwa Watonga shangazi ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake. Akitaka kitanda anapewa. Akitaka nguruwe aliyenoneshwa kwa harusi ya mwingine, anapewa. Na akimtaka mtoto akamlee, anapewa pia, ili mradi ametamka. Lisipotamkwa, hakuna jambo. Likishatamkwa limekwisha, na anayelikataa anajikata yeye na kizazi chake. Siale, mtoto wa Hepisipa, alikuwa amelazwa hospitali majira ya baridi yaliyopita kwa mapafu, na habari hiyo ilifika Vavau ikiwa imekua njiani.

Kwa hiyo Hepisipa alikuwa na jambo moja tu la kulipigania, nalo ni kwamba neno lile lisitamkwe. Hakuwa na silaha. Alikuwa na sakafu iliyosuguliwa, mapazia yaliyofuliwa, na gari ambalo kesho lingesimama mbele ya kanisa likimwambia kila mtu kwamba watu hawa wanayaweza maisha ya huku.

"Nenda ukamlete mtoto," Fifita alisema jua lilipofika juu ya paa. "Mchezo wao si umekwisha? Nenda, mimi nitalinda gari."

---

Kutoka uwanja wa shule mpaka nyumbani ni mteremko, na Siale aliteremka akirukaruka, sweta limefungwa kiunoni. Hakukohoa. Hepisipa alisikiliza, kama ambavyo wengine husikiliza injini, akasikia pumzi safi ya mtoto na majani makavu chini ya viatu vyake.

Waliyasikia manukato kabla ya kuona chochote. Harufu ya maua yaliyolowekwa, tamu na nzito, ilikuwa imejaa njia yote kama vile mtu ameolewa kwenye nyumba ya jirani. Walipokata kona, gari halikuwa tena bluu. Lilikuwa na rangi ya maji ya kina kirefu. Mawingu yalipita juu ya boneti, na nyumba ya Ross ilisimama mlangoni kichwa chini, na ndege akavuka kioo cha nyuma taratibu kama anaogelea. Fifita alikuwa amesimama katikati ya mng'aro huo, mikono inametameta hadi viwikoni, chupa mbili kubwa tupu zimelala kwenye majani.

"Mama," Siale alinong'ona, "gari limejipamba kwenda kucheza ngoma."

Na kweli ndivyo lilivyokuwa. Mafuta yale hupakwa wasichana wa kucheza, mikononi na mabegani, ili wang'ae mbele ya watu. Fifita aliyapika mwenyewe. Aliziangua nazi, akazikuna, akayaweka juani siku nyingi na maua ndani yake. Aliyaleta yawe zawadi ya nyumba hii. Sasa alikuwa ameitoa zawadi yote kwa mara moja.

"Na vioo, wifi?" Hepisipa aliuliza. Sauti yake ilitoka nzuri, alishangaa mwenyewe.

"Na vioo. Kisicho na mafuta kinaonekana kimesahauliwa." Fifita alirudi nyuma hatua, akaikagua kazi yake, na uso wake ulikuwa laini kama wa mtu anayeota. "Kesho nikishuka humo, watu wa hapa wajue Falakiko ana dada."

Hepisipa alisema asante. Aliinama, akamshika mkono ule wenye mafuta, akaubusu.

---

Falakiko aliporudi kutoka zamu ya Jumamosi, kwa miguu kutoka alikoshushwa na mwenzake, alisimama langoni muda mrefu na begi lake la chakula. Dada yake alikuwa barazani. Aliinamisha macho, akapita upande wa jikoni. Mwanamume wa Kitonga hakai chumba kimoja na dada yake, hamtanii, hamjibu, wala hataji mambo ya mwilini mbele yake. Na nyumba yao ilikuwa na sebule moja. Tangu Fifita afike, Falakiko alikuwa akila chakula cha jioni ndani ya gari, sahani mapajani, redio chini chini. Ross alidhani wamegombana.

"Amelipaka lote?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Lote."

"Na kioo cha mbele?"

"Na taa."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kumchukua mtoto. Ulitaka nimnyang'anye chupa?"

Falakiko alivua buti moja, akakaa nalo mkononi. Mikono yake ilikuwa na mipasuko midogo ya maji baridi ya kiwandani. "Nta yako ilikuwa imefika wapi?"

"Boneti na nusu ya mlango. Sasa iko chini ya mafuta. Jumatatu nitaanza upya, kama jua litakuwepo."

"Halitakuwepo."

"Kesho atasema neno lake, Falakiko. Zungumza naye. Ni dada yako."

"Ndiyo maana siwezi."

"Basi niruhusu mimi nimweleze mwaka jana tulivyofanya."

"Nini? Kwamba chumba cha mtoto kina ukungu ukutani, na mwenye nyumba kila siku anakuja kesho? Kwamba mwanangu alikuwa akilala garini?" Alivua buti la pili. "Arudi Vavau aseme kaka yake alikwenda ng'ambo, na nyumba ikamshinda. Hapana. Afadhali aseme neno lake."

"Afadhali kwa nani?"

Falakiko alichukua sahani yake, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia ndani ya gari lililokuwa linanukia harusi, akala akiitazama barabara kupitia mafuta, taa za mtaani zikiwa zimevimba na kutikisika kama zimo chini ya maji.

Wakati wa magharibi upepo wa joto ulikatika. Palikuwa na kimya kifupi, mbwa wa mtaani wakaacha kubweka. Kisha miti yote ikainama upande wa pili kwa pamoja, na kusini ikafika.

---

Asubuhi majani ya uani yalikuwa na sakitu, umande ulioganda kuwa barafu, na gari lilikuwa jeupe.

Halikuwa jeupe la theluji, ambayo ina unga na mwanga. Lilikuwa jeupe la samli, jeupe zito, lisilo na macho, kuanzia taa za mbele mpaka nambari ya nyuma, na alama za vidole vya Fifita zimebaki ndani yake kwa mizunguko mipana kama mawimbi yaliyosimama. Kwao Vavau mafuta ya nazi labda hutia ukungu kidogo chupani alfajiri za Julai, kisha jua likipanda yanarudi. Fifita hakuwa amewahi kuyaona yakigeuka jiwe.

Ross aliegemea ukuta na kikombe chake cha chai. "Jirani, theluji imewaangukia nyinyi peke yenu?"

"Ni mafuta, Ross," Hepisipa alisema.

"Ya kukaangia?"

"Ya nazi."

Ross aliinywa chai yake, akafikiri. Alikuwa mtu mzuri, na uzuri wake ulimfanya asicheke mpaka alipogeuka. "Usimwagie maji ya moto, vioo vitapasuka. Nitakuletea kikwangulio."

Waumini walianza kupita kwa magari yao kuelekea kanisani. Mmoja alipunguza mwendo, dirisha likashuka nusu, watoto watatu wakatazama kwa kinywa wazi, dirisha likapanda. Hepisipa aliinamia mlango, akakwangua. Mafuta yalitoka kwa mikunjo kama siagi na kumwangukia viatu vya Jumapili.

Falakiko alikuwa ndani ya gari. Alikuwa ameingia kabla hakujapambazuka, Siale kifuani ndani ya blanketi, kwa sababu mtoto aliamka akikohoa pamoja na ile baridi ya kwanza, na mkono wa baba ulikwenda kwenye ufunguo wenyewe, kwa mazoea. Aliwasha injini na joto la gari, upepo wake ukielekea miguuni, hata kikohozi kikatulia, akazima injini, akabaki amekaa. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa na weupe. Hakuna aliyemwona, naye hakumwona mtu.

Fifita alitoka amevaa nguo nyeusi za kanisani na jamvi lake kubwa kiunoni, na alipofika mbele ya gari akasimama. Aligusa boneti kwa kidole. Alikitazama kidole.

"Mafuta yangu yamekufa," alisema.

"Hayajafa, wifi. Yameganda tu. Yakipata joto..."

"Usinifundishe mafuta." Hakuwa amekasirika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa vibaya. Gari jingine lilipita polepole, na yeye, ambaye jana alitaka watu wajue Falakiko ana dada, aligeuza uso ukutani mpaka lilipokwisha. "Nimeyapika juani siku zote zile. Usiku mmoja tu hapa yamekufa. Mtazame mwanamke mjinga, ameleta mafuta ya ngoma kwenye nchi ya barafu."

"Hakuna anayesema hivyo, wifi."

"Wanasema. Ningekuwa mimi ningesema." Aliupitisha mkono juu ya weupe ule, taratibu. "Na mtoto je? Mafuta yenyewe yameshindwa. Wifi, nilikuwa nimesema nitangoja chakula, nikusanye watu, nitamke kwa adabu. Lakini sioni sababu ya kungoja. Neno langu ni kwamba..."

"Dada."

Ilikuwa sauti ya chini, na ilitoka ndani ya gari. Fifita alinyamaza mdomo ukiwa wazi. Hepisipa aliacha kukwangua.

"Dada, usilitamke bado," Falakiko alisema. Kupitia kioo kilichojaa mafuta sauti ilikuwa nene, kama ya mtu anayesema kutoka chumba cha pili. "Sikuoni. Na wewe hunioni. Niache niseme, halafu nitanyamaza maisha yangu yote."

Tangu sauti yake ilipovunjika akiwa kijana, Falakiko hakuwahi kumwambia dada yake maneno yanayozidi ndiyo na asante. Fifita alimtazama Hepisipa, kisha akakitazama kile kioo cheupe ambacho yeye mwenyewe alikipaka. Kitambaa cha kufutia cha Hepisipa kilikuwa pale juu ya boneti, lakini hakukigusa.

"Sema," alisema.

"Chumba cha Siale kina maji ukutani. Baridi ikija hawezi kupumua humo. Sikutaka ujue. Alipotoka hospitali nilimweka hapa, kwenye kiti hiki, nikawasha moto, akalala. Kila alipobanwa tulikuja hapa. Nilikuwa nazunguka naye. Tunashuka bandarini, tunapanda kilima, tunashuka. Huko bandarini kuna pengwini wadogo, ndege wasioruka, wanatoka majini na kuvuka barabara kwa foleni kama wazee wa kanisa. Tunasimama, tunawapisha. Siale anawahesabu mpaka anasinzia. Halafu naenda kazini. Mke wangu analipaka hili gari nta kwa sababu likioza, mtoto hana chumba. Ndiyo nyumba yetu yenye joto, dada. Hii uliyoipaka mafuta."

Mahali fulani maji yalidondoka kutoka paani.

"Nilikuwa naona haya," Falakiko alisema. "Bado naona haya. Lakini ukimtaka nitakupa, na nikishakupa sijui hicho kiti nitakitazamaje."

Ndipo sauti nyembamba ikatokea humo humo. "Baba, unaongea na nani?"

"Na shangazi yako."

"Shangazi," Siale aliita, "huku ndani ni kama ndani ya yai. Kote kunawaka. Njoo uone."

Fifita alifunika mdomo kwa kiganja, na Hepisipa hakujua kama wifi yake anacheka au analia, kwa kuwa mabega hayasemi tofauti. Alipoutoa mkono, mafuta yalikuwa yamemwachia mng'aro shavuni.

"Falakiko."

"Naam, dada."

"Nani alikufundisha kumkatiza mkubwa wako?"

"Hakuna, dada."

"Na ulikuwa unamwendesha mtoto usiku kucha, halafu unakwenda kushika kisu kiwandani?"

"Ndiyo."

"Mjinga wewe. Mama angekuchapa." Alijitengeneza jamvi kiunoni, akasimama wima kama anavyosimama mtu mbele ya umati, ingawa umati wenyewe ulikuwa mke wa kaka yake mwenye kikwangulio, na Ross aliyekuwa anajifanya kuangalia maua. "Sikilizeni basi, maana neno langu nilikuwa nimeshalianza, na sina desturi ya kuliacha katikati. Siale ni wangu. Namwomba."

Kikwangulio kilimtoka Hepisipa mkononi.

"Namwomba," Fifita aliendelea, "na nimepewa. Akiwa wangu, mahali pa kukaa napanga mimi. Nimepanga akae hapa, na watu hawa wawili wamlee kwa niaba yangu. Mtu mwingine yeyote wa ukoo wetu, wa Vavau, wa Auckland, wa popote, akija kumtaka, aambiwe mtoto ana mwenyewe. Nimesema."

Neno lile halijibiwi. Ndani ya gari kulisikika mtu akivuta pumzi ndefu na kuishikilia.

"Na huyo mwenye nyumba," Fifita alimwambia Hepisipa kwa sauti ya kawaida, akianza kuelekea mlangoni, "kesho utanionyesha anakaa wapi. Nitakwenda na kiti changu."

"Kwenda kufanya nini, wifi?"

"Kukaa."

Alipita kwenye sakitu kwa hatua nzito, akageuka kizingitini. "Kanisani tutakwenda kwa miguu. Mimi nimeshaonekana vya kutosha." Kisha akaingia.

Hepisipa alingoja mpaka mlango ulipofungwa. Aliliegemea gari, na nguo yake ya ibada ikaingia mafuta ubavu mzima. Aliweka kiganja kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, akakibonyeza pale bila kukisogeza. Baridi ilimchoma, halafu ikapungua. Weupe ulianza kulegea chini ya kiganja, ukawa maji, ukamtiririkia mkononi hadi ndani ya mkono wa koti, na katika tundu lile lenye umbo la mkono wake akamwona mumewe, macho yamefumbwa, machozi yanamtiririka, na mtoto juu ya mapaja yake akimpungia.